Kuchanja Kuni Fundo: Mwongozo wa Mgeni Asiyeuliza

Mgeni anayetaka kubanika samaki kwa mkono wake katika kisiwa cha Fundo, Pemba, aanze kwa kuomba shoka, na aliombe kwa sauti, ili watoto wapate muda wa kukusanyika. Mpini asiukague. Mpini uliolegea hujitangaza wenyewe, chuma kinapochomoka na kuelekea barazani kwa watu.

Kisha achague kuni. Hapa ndipo wengi walipopotelea, basi tukae kidogo. Kwanza ataiona mikoko ukingoni: imenyooka, imeshiba, haina ua wala kufuli. Aikate, halafu maelezo ampelekee sheha. Bahari yote ya upande huu wa magharibi imo katika hifadhi ya Mkondo wa Pemba tangu 2005, na sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 imeandikwa kama kwamba waandishi wake walishamwona mgeni wetu anashuka mashuani kutoka Wete. Watu wa Kokota, kisiwa kidogo hapo jirani, hawahitaji kusomewa sheria. Chao kiliwahi kubaki karibu kipara kwa kukatwa miti, wakaanza kupanda upya, mche kwa mche. Huko mwenye panga jipya hakaribishwi chai.

Akishakatazwa mikoko, atauona mnazi ulioanguka. Gogo zima, bure! Mnazi hauna pete wala mpasuko wa kufuata. Una nyuzi tupu. Shoka litazama vizuri sana, na litabaki humo humo. Nje gogo limekauka, ndani limejaa maji. Na ukuni wenye maji haumbaniki samaki: unampiga mvuke, kisha unampaka masizi machungu. Dalili yake ni moshi mweupe mzito. Moshi wa kubanikia ni mwembamba, wa kuonekana kwa shida, lakini huo haupendezi kwenye picha.

Yule bibi aliyekaa kitako mlangoni kwake, ambaye hajasema neno muda wote huu, ana matawi makavu ya mvinje kwa moto, vifuu kwa makaa, na makumbi ya kufuka polepole kwa moshi. Matawi huyavunja kwa goti. Mgeni asimuulize kitu, atajiharibia mchana.

Sasa kuchanja kwenyewe. Fundo ni jiwe la matumbawe lililofunikwa udongo kidogo. Mtu mwenye akili huweka kigogo chini ya ukuni. Mgeni auweke juu ya jiwe, apige katikati kwa nguvu zote, apate shoka lenye mapengo kabla ya moto. Ule ufa mdogo kichwani mwa ukuni, ambao ungefunguka kwa pigo moja la ukingoni, ni wa wavivu. Akikutana na fundo, alipige lilelile mpaka mmoja wao achoke. Viatu ni hiari. Vidole vya miguu viko kumi.

Mafiga achukue matatu ufukweni, ya mawe ya matumbawe yanayochuruzika maji bado. Mawe hayo yana vitundu. Maji yakigeuka mvuke ndani na kukosa pa kutokea, figa hupasuka na kilicho juu yake huinama. Ndiyo mawe yanayochomwa tanuuni kupata chokaa, kwa hiyo atakayekosa kitoweo huenda akapata cha kupaka ukuta.

Upepo nao usisahauliwe. Msimu wa kusi, moto uwashwe kusini mwa kamba ya nguo za jirani, hasa kanga zikiwa mpya.

Samaki apasuliwe mgongoni, alazwe juu ya uchaga wa vijiti. Anataka makaa, si miali, na anataka subira. Mgeni ataona makaa yanachelewa, ataongeza kuni. Uchaga utashika moto, ngozi itaungua, mwiba utabaki na damu. Saa hiyo hiyo bibi atamtuma mjukuu alete sahani ya changu aliowaweka motoni wakati mgeni anahangaika na mnazi. Apokee kwa mikono miwili. Akipita mtu akauliza nani amebanika, ajibu kinywa kikiwa kimejaa.