Shikamoo Mzee, Naomba Namba

Alinisalimia kwanza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Bora angenifokea, maana aliyefokewa anaweza kujibu. Lakini kamisaa yule wa mashindano, binti wa umri wa mwanangu, aliteremka kwenye pikapu, akasema "Shikamoo mzee", akangoja marahaba yake, kisha akaniomba nigeuke. Akaanza kunivua namba mgongoni, pini moja baada ya nyingine, akizitia kwenye kikopo kwa sababu pini ni mali ya waandaaji. Nilikuwa kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Same, mbele kidogo ya Mwanga, nimevaa kaptula ya kubana yenye sponji makalioni. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walikaa chini ili watazame vizuri. Mmoja akauliza kama nimekamatwa. Mwenzake akasema, "Hapana, anarudishwa nyumbani."

Mashindano yalikuwa ya baiskeli, ya siku tatu: Moshi hadi Same, Same hadi Mombo, kisha mlima wa Lushoto. Kurudi kwangu mashindanoni kuliishia kwenye tambarare ya siku ya kwanza. Mlima ungenisitiri, kwani hakuna anayemcheka mtu aliyeshindwa na Usambara. Mimi nilishindwa na hewa.

Asiyewahi kuendesha ndani ya kundi hudhani mshindi ni mwenye mapaja makubwa. Ukweli ni kwamba ukienda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako haiishii kwenye mnyororo wala tairi, inaishia kuipasua hewa. Na hesabu ya hewa ni ya kikatili: ukitaka kwenda kasi mara mbili, nguvu ya kuipasua lazima iwe mara nane. Lakini jibanze nyuma ya gurudumu la mwenzako, umbali wa shibiri mbili hivi, na kama theluthi ya kazi hiyo inakuondokea bure. Katikati ya kundi kubwa nafuu ni zaidi ya hapo. Hadi Himo nilikuwa humo katikati, nimetulia kama abiria wa daladala aliyepata siti ya dirishani. Nilitazama migomba, nikala tende, nikajiona bado nimo. Watu waliniambia mwili hausahau baiskeli. Kweli hausahau. Unachosahau ni kupumua.

Tulipoikaribia Mwanga upepo ukahamia ubavuni, na hapo ndipo mchezo huu unapokuwa elimu. Upepo ukitoka mbele, hifadhi iko nyuma ya mwenzako. Ukitoka kulia, hifadhi inahamia nyuma yake upande wa kushoto. Kwa hiyo wajuzi hujipanga mshazari, kila mmoja akiingiza gurudumu lake la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliyetangulia, hadi safu inaikata barabara kutoka kati hadi ukingoni. Wa mbele anakaa sekunde chache, anateleza kurudi nyuma, mwingine anashika zamu, na duara linazunguka bila mtu kutoa amri. Ningelipa kiingilio kulitazama.

Tatizo ni kwamba barabara ina upana wake. Tulipewa upande mmoja tu, ule mwingine ulikuwa wa malori, na upande mmoja unatosha safu ya watu sita au saba. Wa nane hana pa kujificha. Anabaki juu ya mstari mweupe wa ukingoni, akitoa jasho kuliko wote walio mbele yake ili aende mwendo uleule. Dawa yake inajulikana: walio nyuma waunde safu yao ya pili. Lakini huko nyuma tulikuwa watu wazima watupu, kila mmoja akimheshimu mwenzake kiasi cha kumwachia aongoze. Mwanya wa mita moja ukawa wa kumi, na kundi likaondoka na upepo wetu wa bure.

Kisha kuna saa. Muda wa kikomo hukokotolewa kutokana na muda wa mshindi, unaoongezwa asilimia fulani. Mshindi akitumia dakika 150, na nyongeza ikiwa asilimia 20, basi ukivuka dakika 180 uko nje. Maana yake kijana nisiyemjua, aliyelala vizuri na kunywa uji wake, ndiye anayeamua kama kesho nitakuwa mshindani au mtalii. Na muda huo ameupata wakigawana upepo watu saba, wakati mimi napimwa kwa saa yake nikiwa nimeubeba upepo wote mwenyewe. Gari la nyuma, ile pikapu ya kamisaa, huenda kwa makadirio ya mwendo wa kikomo hicho, na likikupita umekwisha. Wafaransa walilianzisha kwenye Tour de France ya mwaka 1910, mashindano yalipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees. Rafiki yangu mmoja alinifariji kwamba hata kwenye ubingwa wa dunia wa Kigali, Septemba 2025, alioshinda Tadej Pogačar, wanaume zaidi ya 160 walianza na 30 tu wakamaliza. Nilishukuru, ingawa wale walishindwa baada ya kupanda vilima vya Kigali kutwa nzima.

Tuliovuliwa namba tuliruhusiwa kuendelea siku zilizofuata bila kuandikiwa muda. Same hadi Mombo: pancha, pampu mbovu, pancha tena. Lushoto: nilipanda, nikashuka, nikasukuma.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulicheka. Siku ile ya kwanza nilikataa kupanda pikapu, nikasema nitafika Same mwenyewe. Pikapu iliponiacha, ulinzi wote uliondoka nayo: trafiki walikuwa mbele na kundi, gari la wagonjwa mbele na kundi, meza za maji zimekunjwa. Basi la mikoani likanijia kwa honi moja ndefu, nikaishia kwenye changarawe. Yaani anayeachwa peke yake na mabasi ni yule aliyechoka na kuyumba kuliko wote. Na wabeba mkaa na madumu ya maji, wanaopita ukingo huo kila siku ya Mungu, hawajawahi kufungiwa barabara hata asubuhi moja.

Waandaaji, wekeni pikipiki moja yenye taa nyuma ya mtu wa mwisho, awe na namba au hana. Gharama yake ni lita chache za petroli. Nanyi madereva, mkimkuta mwenye baiskeli amebanana na mstari mweupe, mpisheni kwa mita moja na nusu. Honi haimwongezei nafasi.