Bwana Harusi Shaibu

Huku Keza, wilayani Ngara, kwa kukopa jembe, kugombana au kuposa, Kihangaza na Kishubi vinatosha. Kiswahili cha kawaida ni cha gulioni na darasani. Sherehe nayo ina Kiswahili chake, na mshereheshaji asiyetoa walau neno moja la kuwafanya wazee watazamane, watu huona hela zao zimepotea.

Tuliyemkodi kwa harusi ya binamu yangu alijiandaa hasa. Alimsimamisha bwana harusi, kijana ambaye ndevu zenyewe ndiyo kwanza zinabahatisha, akanguruma: "Mwangalieni shaibu huyu, damu inachemka!" Vigelegele. Alimaanisha shababi, yaani kijana. Shaibu ni mzee, tena mkongwe wa mvi. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, na kwenye kamusi yanakaa mtaa mmoja. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyecheka; sisi tukadhani ni ile pombe ya ndizi.

Halafu ikaja zamu ya wazazi. "Pokeeni taazia zetu!" Tahania ndizo pongezi, taazia hupelekwa msibani. Mama wa bibi harusi akainuka, akainama kwa heshima: "Asante, tumezipokea." (Ukifikiria alivyolipwa mahari, pengine alimwelewa mshereheshaji kuliko sote.)

Simlaumu sana. Maneno haya yamesafiri. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939, na ile ya TUKI, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ikafuata 1981. Humo mliwekwa hata maneno ambayo pwani kwenyewe yalikuwa yamebaki kwa washairi na masheikh. Toka huko pwani mpaka Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Neno likifika salama, maana yake huwa bado iko njiani.

Na huku halimkuti wa kulihoji. Neno la jikoni huulizwa papo hapo: mgeni wetu wa Tanga aliposikia shangazi yuko nyuma ya nyumba "anateka" mbuzi, alishtuka, akauliza nani amemteka mbuzi wa watu, akaonyeshwa sufuria: kwetu guteka ni kupika. Jambo likaisha kwa mchuzi. Lakini nani atanyoosha mkono mbele ya wakwe kuuliza shaibu ni nini? Kila mmoja anatikisa kichwa akiamini jirani yake ameelewa, na jirani naye anafanya hivyo hivyo. Tangu siku ile nimesikia vijana wawili wakisifiana kwa ushaibu wao pale kwa fundi baiskeli.

Basi ndugu zangu wa kamati za harusi, kabla hamjatoa malipo ya awali, mwulizeni mshereheshaji anamwitaje kijana. Akijibu "kijana", mpeni kazi.