Heko, Ndoa ya Mikoa Miwili

Wanaolalamika kwamba mume yuko Dodoma na mke yuko Dar es Salaam hawajui kuhesabu neema. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Serikali ikaanza kufungasha kwa dhati mwaka 2016. Miaka 43 ya kutafakari! Sasa mwalimu wa Temeke aliyeomba juzi tu uhamisho wa kumfuata mwenza ana haraka ya nini? Barua yake, na nakala ya cheti cha ndoa nyuma yake, imetulia mezani kwa mtu ikisubiri apatikane wa kubadilishana naye kituo. Hata balozi husubiri hati zake zipokelewe.

Na faida je? Kodi mbili, majiko mawili, mitungi miwili ya gesi: watumishi wangapi wamewahi kumiliki hivyo? Watoto humwona baba kama wanavyomwona mbunge, kwa ratiba na kwa shangwe. Ndoa inachezwa nyumbani na ugenini kama ligi kuu, na tangu 2024 kuna treni ya umeme. Nauli tu ndiyo yao.

Wapo wenye jibu jepesi: mke aache kazi amfuate mumewe. Kwamba mume naye anaweza kuacha, hilo huwa halisemwi. Wanasahau tu, wana mengi.

Basi vijana mnaotaka kuoana, msijisumbue kuuliza ukoo wala tabia. Ulizeni kituo cha kazi.