Jinsi ya Kufukuzwa Kazi kwa Ustadi

Kufukuzwa kazi kila mtu anaweza. Kufukuzwa vizuri, mpaka aliyekufukuza ajute kukurupuka, kunataka maarifa. Mimi huwatetea wafanyakazi, na maarifa hayo nakupa bure, ndugu yangu wa Ilagala, uwe unaanika dagaa mwaloni, unalinda ghala la mawese au unafundisha shule binafsi Kigoma mjini.

1. Jiandae ungali unapendwa

Siku tajiri anapokuita "mwanangu" ndiyo siku ya kukusanya ushahidi. Piga picha ukurasa wa daftari wenye jina lako na idadi ya mabeseni. Malipo yakiingia kwenye simu, usifute ujumbe. Mkataba wa maandishi huenda usiupate, maana mwenye mali huona neno lake linatosha. Mwache na fahari yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri akiwa mikono mitupu, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye.

2. Usigombee jina, uliza maswali

"Huyu si mfanyakazi wangu, sisi tunagawana tu." Mvuvi wa Ziwa Tanganyika ataambiwa hivyo siku ya hesabu, mbalamwezi ikiwa imezipumzisha nyavu. Usipandishe sauti. Uliza taratibu: Mtumbwi wa nani? Nyavu, taa na mafuta ni vya nani? Nani anayeamua leo tuingie ziwani saa ngapi? Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inataja dalili za namna hiyo: kupangiwa kazi na saa zake, kupewa vifaa, kumtegemea mtu mmoja kwa riziki. Dalili moja tu ikionekana, unahesabiwa mfanyakazi mpaka ithibitike vinginevyo.

3. Mwache akufukuze mwenyewe

Bosi mjanja atakunong'oneza: "Andika barua ya kuacha kazi, ulinde heshima yako." Usiandike. Akikufukuza yeye, ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu. Ukiondoka mwenyewe, ni juu yako kuthibitisha kwamba alikusukuma. Kazi ngumu hiyo mwachie yeye. Ila ujue mipaka yako: ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo avumilie kidogo.

4. Kwenye kikao cha nidhamu, kuwa mpole kupita kiasi

Utaratibu unakupa haki ya kuelezwa tuhuma zako, kupata muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kukaa na mwenzako wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwenye hasira huyaruka yote. Anasimama mwaloni mbele ya watu, anashtaki, anatoa ushahidi na kuhukumu kwa pumzi moja. Usimkatize. Shika tarehe, saa na majina ya waliosikia. Ukimjibu kwa tusi, unampa sababu aliyokuwa anaitafuta.

5. Penda hesabu kuliko sahihi

Ukiletewa karatasi inayosema umelipwa haki zako zote, usitie sahihi kabla hujaona mchanganuo. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28. Likizo ambayo hukuichukua inalipwa. Aliyefanya kazi mwaka au zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, isipokuwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Dai cheti cha utumishi. Na kama walikuajiri Ilagala wakakupeleka Dar es Salaam, kukurudisha nyumbani na mizigo yako ni gharama yao.

6. Ishinde aibu mapema

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu akifukuzwa hujifungia ndani. Anamtuma shemeji akamwombee msamaha, anasubiri wazee wamwite tajiri, tajiri anasema "njoo baada ya mfungo." Siku zinakwenda. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Unaweza kuomba kusamehewa kuchelewa, lakini "nilikuwa nasubiri tuelewane" ni sababu dhaifu sana. Wazee waendelee kuongea naye. Wewe peleka fomu.

7. Jaza fomu kwa uroho

Fomu Namba 1 ya Tume ndiyo msingi wa kesi yako yote. Andika kila unachodai, maana ulichokisahau pale itakuwia vigumu kukiibua baadaye. Mpe mwajiri nakala na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.

8. Chagua mtetezi kwa masikio yake

Suti haijashinda kesi. Sheria inaruhusu wakili, kiongozi wa chama chako au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Mchukue anayekusikiliza na kuuliza tarehe. Kisha mwambie ukweli wote, hata lile beseni la dagaa ulilobeba usiku bila ruhusa. Ni afadhali alisikie kwako kuliko kwa mpinzani. Siku ya usuluhishi fika mapema. Usipofika, shauri linaweza kufutwa. Asipofika yeye, msuluhishi anaweza kuliamua. Ukiwekewa mezani kiasi cha haki, kipokee. Watoto hawali ushindi wa miaka mitatu ijayo.

Nimeona haki nyingi zikipotea, na mara nyingi sheria haikuwa na kosa. Zilipotea kwa sahihi ya haraka au kwa mwezi mmoja wa kunyamaza. Kwa hiyo wewe uliyefukuzwa wiki hii, hesabu siku zako sasa hivi. Kesho panda gari la Kigoma, hata kama ushahidi wako ni picha nne tu kwenye simu. Msamaha wa tajiri unaweza kuusubiri maisha yako yote. Tume inakusubiri siku 30.