Kipunji na Bango la Fisi

Kwenye misitu ya Mlima Rungwe anaishi kima mwenye manyoya yaliyosimama utosini na mlio wa kubweka. Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja kwa miaka mingi, lakini wataalamu walidhani ni kiumbe wa hadithi, mpaka walipomwona kwa macho mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005. Jina lake Kipunji. Ndugu zake wachache wako msitu wa Ndundulu, Kilolo, upande wa Iringa. Hekaya hii nampa yeye, maana aliyeishi muda wote huo bila kuaminiwa anajua uzito wa ushahidi.

Basi, Fisi alipoingia Nyanda za Juu Kusini hakuja na meno nje. Alikuja na bango. La kwanza alilisimamisha Ipogolo, la pili Mafinga, jingine Igawa, na abiria wa basi akifika Uyole amekwisha kuyakariri maneno: USHINDI NI WAKO. Pembeni, tumbili amekumbatia gari jipya.

Ngedere wa Uyole alikuwa akiuza viazi vya mama yake. Jumamosi moja alipewa hela ya mbolea, akapita kwenye kibanda cha kubashiri cha Fisi, akachagua timu tano. Nne zikashinda. Ya tano ikatoa sare dakika za nyongeza, mkeka, ile karatasi ya kubashiri, ukachanika. Jumamosi iliyofuata akaifuata hela ya mbolea kwa hela ya dawa. Mama yake, aliyeolewa Mbeya akitokea Iringa na bado anasuka vikapu vya milulu kama kwao, alimuuliza swali moja: "Mwanangu, mkeka gani huo usiolaliwa?"

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini bango la Uyole lilitazamana na shule, na watoto wa darasa la pili walijifunzia kusoma hapo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wakati huo Kongoti alikuwa amerudi kutoka Nairobi. Akasimulia jinsi vijana wa kule walivyochora tai ukutani mwaka 2012, tai aliyevaa suti kama mbunge, na jinsi mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walivyowafikisha nguruwe langoni mwa Bunge Mei 2013, wabunge walipotaka kujiongezea mishahara. Akaongeza aliyoyasikia kwa ndege wa mbali: kwamba Sydney, kuanzia 1979, walikuwapo watu, madaktari miongoni mwao, waliopanda mabango ya sigara usiku wakiwa na makopo ya rangi na kuyageuza maneno yaseme ukweli. Wengine walikamatwa, wakaenda kuyasema yaleyale mahakamani.

Kipunji alisikiliza yote juu ya tawi. Usiku akashuka na kipande cha gunia la viazi, masizi ya chungu, na uji wa dona uliokolea. Akapanda bango, akaziba herufi moja tu.

Asubuhi makondakta wa Uyole waliangua kicheko. USHINDI SI WAKO. Malori ya kwenda Tunduma yakapunguza mwendo. Fisi akaapa kwamba ni kazi ya washindani wake, maana Kipunji, alisema, ni mnyama wa hadithi.

Lakini Fisi si mjinga. Wiki haikuisha, akamwajiri Kasuku, na mabango yote yakabadilishwa: USHINDI SI WAKO? THUBUTU! CHEZA TENA. Watu wakacheka safari hii pamoja naye, na foleni ya kibandani ikarefuka. Hapo ndipo mizaha mingi ya namna hii inapofia. Mwenye bango huununua mzaha, akautundika juu ya duka lake.

Kipunji alikaa siku tatu bila kushuka. Ya nne alimwendea mama Ngedere. "Kamwene, shangazi. Naomba uniazime vikapu."

Ndugu zake wa Ndundulu wakaja. Wakazunguka nyuma ya vibanda, Mafinga hadi Mwanjelwa, wakaokota mikeka iliyochanika: iliyofinyangwa, iliyokanyagwa, iliyolowa. Vikapu vikajaa, vikamwagwa, vikajaa tena. Kisha, usiku wa baridi ile ya Julai, wakalibandika bango zima la Uyole kwa uji, karatasi kwa karatasi, tarehe zikionekana na hela zikisomeka. Waliacha wazi neno moja katikati: WAKO.

Asubuhi hakuna aliyecheka. Watu walisogea karibu wakawa wanasoma, kila mmoja akitafuta.

Fisi akatangaza kibarua: shilingi elfu tano kwa atakayebandua. Akajitokeza Ngedere. Akapanda ngazi na kisu cha kumenyea viazi, akabandua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ya kumi na moja ilimgeukia mkononi. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, aliouandika siku alipotumwa dukani: mbolea mifuko miwili, dawa ya ukungu, chumvi.

"Vipi huko juu?" Fisi aliita kutoka chini.

Ngedere aliramba kidole, akaugusa uji, bado haujakauka. Akairudisha karatasi mahali pake, mwandiko ukitazama barabara, akaikandamiza kwa kiganja.