Ukarimu Wenye Ratiba

Wanaosema Wajerumani hawajui kukirimu wageni wakome. Mkesha wa Krismasi, familia ya rafiki yangu ilinialika kwao Stuttgart kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Saa ya kuondoka imeandikwa kabisa, mgeni asipate tabu ya kukisia. Kwetu Tanga unang'ang'anizwa ulale, mateso matupu! Mezani kulikuwa na saladi ya viazi na soseji mbili mbili, zimehesabiwa kwa uadilifu kuliko kura za nchi kadhaa ninazozijua. Fungu la mgeni wa ghafla halikuwepo. Kwani huko mgeni wa ghafla si kazi ya polisi? Saa mbili kasorobo, baba mwenye nyumba alikwishanishikia koti mlangoni, akitabasamu. Kwetu ungeambiwa "keti, chai inakuja", ukose basi.