Mgeni Asisumbuke Kuchagua

Mgeni akishuka melini Mombasa, akauliza aende Dar es Salaam kwa basi au kwa treni, msimcheke. Kwao wamezoea shida. Mtu wa London hupitishwa chini ya bahari kwa treni mpaka Paris, asione hata samaki.

Sisi tumemwondolea msafiri adha ya kuchagua. Treni za kisasa tunazo, tena pande zote mbili: ya Kenya ilianza 2017, ya Tanzania 2024. Reli zote mbili zina upana uleule, milimita 1,435, ila zina adabu zao. Hazitembeleani bila mwaliko. Ya Mombasa inapanda Nairobi, ya Dar inakwenda zake Dodoma, zimepeana mgongo kama wake wenza waliojengewa kwenye kiwanja kimoja.

Ipo ile reli ya zamani, ya Voi kwenda Moshi. Lakini hiyo Waingereza waliianzisha katika Vita Kuu ya Kwanza, wakimfukuza Mjerumani. Walikuwa na haraka. Sisi ni ndugu wa Jumuiya moja, haraka ya nini?

Basi lina utu. Likifika mpakani, Lunga Lunga, mnashushwa wote, wazee kwa watoto, pasipoti mkononi. Mbadilisha fedha anakuita "mjomba" kabla hujasalimu. Begi linafunguliwa, na foleni nzima inazijua nguo zako za ndani. Ujirani mwema wa namna hiyo, treni gani ingekupa?